Nilivyomnasa tapeli wa "dozi ya pili" ya chanjo ya binti yangu

Kati ya ushauri wote niliopewa siku zile tapeli alipotutaka wazazi tulipie "dozi ya pili" ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ulioniudhi zaidi ulitoka kwa jirani yangu, mama mwenye nia njema kabisa, aliyeniambia kwamba maadamu matapeli wameingia kwenye chanjo, dawa ni kuzikataa chanjo zote. Uliofuatia kwa ubaya ulikuwa wa mzazi mwenzangu: "Lipa tu yaishe, elfu kumi na tano si hela ya kumkosesha mtoto chanjo." Najivunia kwamba sikuufuata hata mmoja.

Ujumbe wenyewe uliingia katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la binti yangu mdogo, hapa Dar es Salaam. Ulidai kwamba wasichana waliokwisha kupata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi wanadaiwa dozi ya pili, na kwamba kila mzazi atume shilingi elfu kumi na tano kwa namba ya simu iliyoandikwa chini, pamoja na jina la mtoto na namba ya NIDA ya mzazi, yaani ya kitambulisho cha taifa, la sivyo mtoto ataondolewa kwenye orodha. Juu ulikuwa na nembo ya Taifa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

Nguvu ya ujumbe ule ni kwamba ulijengwa juu ya jambo lililowahi kuwa kweli. Chanjo hii ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14, na kila mmoja alitakiwa kuchomwa mara mbili. Binti yangu mkubwa ni wa kundi hilo na kadi yake ninayo mpaka leo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana wa rika hilo, na tangu Aprili 2024 Tanzania inatoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Mzazi aliyelea binti wa kundi la zamani alikuwa na kila sababu ya kuusoma ujumbe ule na kutikisa kichwa kwa kukubali.

Niliandika kundini kwamba huo ni utapeli, lakini onyo langu halikufua dafu: mmoja aliniuliza kama mimi ni daktari, na muda si mrefu maneno yangu yakafunikwa na salamu za asubuhi na matangazo ya sare za shule. Ndipo nilipoamua kuipigia namba ile, nikiwa nimeweka sauti ya nje na binti yangu mkubwa akiandika kila neno.

"Shikamoo mama, hapa ni kitengo cha chanjo, wizarani," alipokea kijana mwenye sauti ya upole. Niliitikia marahaba, nikamweleza kwamba ninaye mtoto mwingine wa miaka saba, nami ningependa apate chanjo hiyo pamoja na dada yake. Mtumishi wa afya yeyote angeniambia nisubiri afikishe miaka tisa. Yeye akajibu bila kusita: "Inawezekana mama, ila huyo wa miaka saba utaongeza elfu tano." Nikamwuliza watachomwa sehemu gani, akasema pajani, ilhali chanjo hii huchomwa kwenye mkono, chini kidogo ya bega. Nikamwuliza niwapeleke kituo gani, akasema hakuna haja ya kwenda kituoni, wauguzi watakuja nyumbani nikishalipa na kumsomea tarakimu zitakazoingia kwenye simu yangu. Hapo nikajua kwamba hakuitaka elfu kumi na tano peke yake, kwa sababu anayekuomba tarakimu za uthibitisho anataka kuingia kwenye akaunti zako.

Baada ya kukata simu nilianza muamala kana kwamba ninamtumia fedha, kwa kuwa jina la mpokeaji huonekana kabla hujaweka namba ya siri. Lilitokea jina la mtu binafsi, tena la mwanamke, nikasitisha palepale. Malipo halali ya Serikali huwa na kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo, hata kwa chanjo inayolipiwa kama ile ya homa ya manjano kwa wasafiri, na hayaendi kwenye simu ya mtu.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Muuguzi alisema kwamba mtoto mwenye hali maalumu ya kiafya anaweza kupangiwa dozi zaidi, lakini mzazi wake huelezwa uso kwa uso na tarehe huandikwa kwenye kadi. Nilimwomba ayarudie maneno hayo nikiyarekodi kwa simu, naye akakubali. Sauti yake nilipoituma kundini pamoja na majibu ya yule kijana, ubishi ulikwisha. Namba ya tapeli niliituma kwa 15040, ambako mamlaka ya mawasiliano hupokea taarifa za utapeli wa simu, na asiyeweza kufika kituoni nilimwelekeza apige 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozi.

Wapo waliokuwa wamekwisha kutuma. Aliyepiga huduma kwa wateja mara moja alirudishiwa kwa sababu fedha zilikuwa hazijatolewa. Aliyeona haya akangoja jioni alizikosa. Jirani yangu alichelewa kushawishika kuliko wote, ingawa muda ulikuwa unambana: binti yake anakaribia miaka 15 na alikuwa hayupo siku chanjo ilipotolewa shuleni. Nilimsihi mpaka tukaenda naye zahanati, binti akachomwa siku hiyohiyo, na hakuna aliyetuomba hata senti.