Siku Sauti Iliponikauka

Jana mvua ilishuka juu ya bati la ofisi yangu, na darasa la pili, tunalopakana nalo ukuta, likanyamaza ghafla. Niliweka kalamu chini. Ukimya wa namna ile naujua.

Ilikuwa Februari 2016, huku Chamwino, Dodoma. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari, watoto wakamiminika, nami nikakabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto 148. Madawati hayakutosha, wengine walikaa sakafuni hadi miguuni pangu. Koo lilikuwa linaniwasha wiki nzima. Sikumwambia mtu. Kila mwalimu alikuwa na mzigo wake, niliona kulalamika ni kumtwisha mwenzangu.

Mvua ya huku tunaiomba, uwele na mtama visinyauke. Lakini darasa lisilo na dari, mvua ikishaanza, mwalimu hasikiki. Nikapandisha sauti. "Ma!" Wakaitikia. "Me!" Wakaitikia. "Mi!" Nilipofika "mo", hakikutoka kitu. Nikavuta pumzi, nikajaribu tena. Koo kama limejaa mchanga. Watoto wa mbele wakadhani ndivyo somo linavyotaka, wakaviringa midomo bila sauti. Waliofuata wakawaiga, na wa nyuma yao, mpaka darasa zima likawa limeachama kimya kunitazama, midomo 148 yenye umbo la "mo", na mvua peke yake ndiyo inasema. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wananifuata tu, kwa imani yao yote. Niligeukia ubao ili wasione machozi.

Mwalimu mkuu alikuwa akipita barazani, akaniona dirishani. Aliingia kanga imelowa kichwani, akashika mkono wangu wenye chaki. Ilibidi anikunjue vidole kimoja kimoja.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa sakafuni, katikati ya watoto. Yeye hakupaza sauti hata kidogo. Aliandika silabi kubwakubwa, akawa anaigusa moja kwa kijiti, watoto wanaisoma, anahamia nyingine. Kazi ya kupiga kelele aliwaachia wao. Mtoto mmoja wa kiume alinitilia punje mbili za ubuyu kiganjani. Nilizimumunya, na hadi leo ule uchachu ukinigusa ulimi namwona yule mama na kijiti chake.

Vipindi vyangu alivifundisha yeye hadi Jumatatu. Niliporudi hakuniuliza andalio la somo. Alinionyesha namna ya kuwagawa watoto kwa vikundi, kisha akasema, "Ukipaza wewe, na wao watapaza."

Wakati ule sikufikiri vipindi vyangu alivibeba juu ya mizigo gani mingine. Sasa nakaa kwenye kiti kama chake. Najua kamati ya shule, wazazi mlangoni, taarifa ambazo halmashauri inazitaka leo hiihii. Tuna MEWAKA, mafunzo yetu endelevu kazini, tunakaa pamoja na kufundishana mbinu za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na nayathamini mno, yamewakuza walimu wangu mbele ya macho yangu. Ila katika vikao vyote nilivyoviongoza, sijawahi kumuuliza mwalimu koo lake likoje, au jana alilala saa ngapi.

Basi jana nilikwenda hadi mlango wa darasa la pili. Mwalimu wetu kijana alikuwa amegeukia ubao.

"Vipi, mwalimu?"

"Niko salama, Mkuu." Sauti ilikuwa inakwaruza.

Na mimi ndivyo ningejibu mwaka ule. Nilikuwa na taarifa ya kutuma kabla ya saa tisa. Nikarudi ofisini, nikaituma. Usiku sikupata usingizi vizuri.

Leo kipindi cha kwanza nimebisha hodi darasani kwake, nikanyoosha mkono kuomba chaki. Hakuiachia mara moja. Alikuwa ameikamata kwa vidole vyote vitano.