Sindano za Siku Hizi

Nimeikuta jana ndani ya kijaluba cha mama, chini ya mabunda ya uzi mweupe: paketi ya sindano niliyompelekea mwaka juzi kutoka soko la Darajani, Unguja. Haijafunguliwa. Karatasi yake imeanza kugeuka rangi, na sindano zenyewe zimekaa safu vile vile kama nilivyozinunua, zile za tundu kubwa nilizozichagua mbele ya muuza duka nikiamini nimelimaliza jambo.

Nilikaa juu ya kitanda cha kamba nimeishika mkononi muda mrefu. Mama alikuwa barazani, namsikia anazungumza na wapita njia. Tangu hapo nnalifikiri neno moja tu, kudokeza, na nimeona niliandike kabla sijarudi Unguja na kazi zikanisahaulisha.

Mama yangu hushona kofia. Wanawake wengi wa hapa Wete, Pemba, na vijiji vya jirani wameifanya kazi hii, na wengi wameisomeshea watoto. Zake ni kofia za viua: kitambaa cheupe kinachorwa, kinatobolewa vitundu, na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa mkono, kimoja kimoja, mpaka ua litokee. Kofia moja inaweza kumchukua miezi. Mie nimekua naona sindano mkononi mwake kuliko nilivyoona kijiko.

Mwaka juzi nilikuwa Unguja na mtoto mchanga. Tulikuwa tunazungumza kwa simu kila Ijumaa. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya habari za mjukuu na za mvua na za bei ya samaki, alikuwa na maneno ambayo hayakosi: “Sindano za siku hizi, mwanangu, tundu zake wamezifanya ndogo.” Kisha ananyamaza kidogo. Kisha anauliza kama mtoto ameota meno.

Ijumaa ya tatu niliposikia maneno yale yale, nikaenda Darajani.

Nilikuwa nimesikia malalamiko juu ya sindano. Mama alikuwa ananieleza habari za macho yake.

Neno kudokeza kwangu limekaa jirani sana na kudokoa. Kila aliyekulia nyumba yenye watoto wengi anamjua mdokozi: yule anayepita jikoni, akafunua kawa, akachukua kipande kidogo cha samaki, akafunika tena kama hakuna kilichotokea. Hachukui kingi. Sinia likitandikwa, mwenye jicho anaona kuna mahali pameguswa. Anayedokeza naye, nnavyomuona mie, anafanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa pili: anachukua kipande kidogo cha jambo lake, anakuwekea mbele yako, na chungu chenyewe anakiacha kimefunikwa. Ukitaka kujua kilichomo, funua mwenyewe. Na ukiwa huna njaa, au huna nafasi, unapita, na hapana aliyeaibika.

Watu huchanganya dokezo na fumbo, na mie nilichanganya hivyo hivyo mpaka jana. Fumbo limetoka kwenye kufumba, kama kufumba macho au kufumba mkono. Anayefumba amefunga kitu makusudi, na mara nyingi wapo watu hapo hapo ambao hataki waelewe. Ndiyo maana wazee wakasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo linapima akili. Dokezo halinuii kumpima mtu, kwa sababu anayekudokeza anataka uelewe, anatamani uelewe, isipokuwa hataki kukulazimisha.

Kijembe ni mbali kabisa. Jina lenyewe ni la kitu chenye makali, na anayekipiga anataka kikate. Hapa kwetu tumevizoea vijembe mpaka tunavivaa. Mwanamke anakwenda dukani kununua doti ya kanga, na rangi na pindo anaziangalia, lakini jina ndilo analolisoma mara mbili. “Mdhaniaye ndiye kumbe siye” akiivaa siku anayopita mbele ya nyumba fulani, mwenye nyumba ameshapata salamu zake. Hata hivyo si haki kuihesabu kila kanga kuwa kijembe. “Japo sipati tamaa sikati” nimewahi kumuona nayo mtu aliyekuwa anatafuta mtoto kwa miaka mingi, ameivaa kimya, hakumkusudia yeyote. Wale tuliomjua tulielewa tumuombee dua. Maneno yale yale, kanga ile ile, kwa mwengine yangekuwa makali. Maana yake imetoka kwa aliyevaa na kwa tuliokuwa tunamtazama.

Kazini kwangu neno hili la kudokeza limepata maisha mengine kabisa. Ofisi za serikali zina kitu kinaitwa dokezo sabili, waraka mfupi wa ndani unaoandikwa kutoka kwa ofisa mmoja kwenda kwa mwengine: hoja, maelezo, maoni, ombi la idhini, saini. Hakuna kilichojificha ndani yake. Ukiandika dokezo sabili halafu ukaacha msomaji abashiri unachotaka, litarudishwa. Nimeandika madokezo ya namna hiyo kwa miaka 11, na nadhani yamenizoesha vibaya. Nimezoea kwamba anayetaka kitu anasema anataka nini, aya ya mwisho, mstari wa mwisho. Nilikuwa namsikiliza mama yangu kama ninavyosoma faili. Nikatafuta ombi katika maneno yake, nikalikuta: sindano. Nikalishughulikia, nikafunga.

Na kile kimya chake sikukihesabu. Katika sarufi tulifundishwa skuli kuwa nukta tatu zinazofuatana zinaitwa alama ya mdokezo, zinaonyesha kwamba maneno hayajesha. Mwalimu alituandikia ubaoni, tukanakili, tukapata alama zetu. Mama hakusoma sarufi ile. Lakini kila Ijumaa, baada ya kusema tundu ndogo, aliziweka nukta zake tatu vizuri kabisa, akanipa nafasi ya kusema “Kwani huoni, mama?” Nafasi ikipita anauliza meno ya mtoto.

Nyumba ya pili kutoka kwetu yuko jirani ambaye sote tunamwita Mama Mdogo, ingawa hatuna nasaba naye. Yeye aliyasikia maneno yale yale ya sindano, hapo hapo barazani. Hakusema kitu. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, akiwa njiani kwenda shamba, akapita, akakaa kwenye mkeka, akazivuta sindano zote za mama, akaanza kuzitia uzi moja baada ya moja huku anasimulia habari za kondoo wake aliyepotea. Sindano 15 zenye uzi mrefu, akazichoma kwenye kimto kidogo, akaaga. Siku iliyofuata akarudi. Akarudi miezi kadhaa. Hakuwahi kumwambia mama “huoni”. Mama naye hakuwahi kumshukuru kwa kumtilia uzi. Alikuwa anampelekea bakuli la muhogo wa nazi jioni, akisema amepika mwingi na nyumba haina watu.

Haya niliyajua Idi ya mwaka jana nilipokuja na mtoto. Mama alimpokea mjukuu wake mapajani, akampapasa uso kwa vidole, taratibu, nyusi, pua, kidevu, kisha akasema, “Amechukua pua ya babu yake.” Mie nilikuwa nimesimama mlangoni, begi bado lipo begani. Hapo ndipo nilipoona. Jioni nikamuuliza Mama Mdogo, akaniangalia kwa huruma: “Uzi nnamtilia mie tangu kabla ya mfungo. Nilidhani wewe ameshakudokeza.”

Ameshanidokeza, ndiyo.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tuliambiwa kuwa lenzi ya jicho inapoteza ung'avu wake kidogo kidogo, mtu anaona kama yuko nyuma ya kioo chenye mvuke, na kwamba dawa ya matone haiondoi. Inatolewa ile lenzi iliyochafuka, inatiwa ya kutengenezwa. Alifanyiwa jicho moja kwanza, la pili baadaye. Siku walipomfungua bandeji ya kwanza aliutazama mkono wake mwenyewe, juu na chini, akasema ngozi yake imezeeka wakati yeye hayupo. Alhamdulillahi, sasa anatia uzi mwenyewe. Sindano ni zile zile za tundu ndogo.

Jana baada ya kuikuta paketi nikatoka nayo barazani, nikakaa karibu yake. Nilitaka kuomba radhi, na nikaomba. Kisha nikamuuliza jambo lililokuwa linanikereketa mwaka mzima: kwa nini hukunambia tu, mama? Neno moja, sioni. Ningekuja.

Hakuacha kushona. Akasema: “Ndiyo, ungekuja. Ungekuja na mtoto wa miezi miwili, na boti, na mawimbi. Ningekwambia sioni, ungekuwa huna ruhusa ya kubaki kwako. Nikakwambia habari za sindano. Ukiwa na nafasi ya kuja, utasikia macho. Huna nafasi, basi ni habari za sindano tu, na mie na wewe hatujakoseana.”

Nimeyarudia maneno haya kichwani usiku kucha. Nilikuwa nadhani kudokeza ni woga, au ni haya za wazee wetu ambao hawakuzoea kuomba. Wapo wanaosema hivyo, hasa sisi tuliosoma na tunaofanya kazi za mezani: sema unachotaka, tuokoe muda. Na kuna mambo ambayo lazima yasemwe wazi. Ugonjwa ni mojawapo, na hilo nimemwambia mama, na tumekubaliana kwamba habari za mwili wake haziji tena kwa njia ya sindano. Lakini siwezi tena kuiita woga. Alikuwa anapima uzito wa ombi lake kabla hajanitwisha. Ombi la mzazi likisemwa waziwazi huwa amri, hata mzazi mwenyewe asipotaka liwe hivyo.

Najua pia kwamba njia hii hii hutumiwa kumtoa mtu. Akufukuzaye hakwambii toka. Mgeni aliyekaa sana huanza kusikia kuwa unga umepanda bei. Nimeona ndoa zimevunjwa kwa mtindo huo, bila ya neno moja baya kutamkwa, na aliyeumizwa hana hata maneno ya kwenda nayo kwa wazee. Na nimeona posa ya kaka yangu ikiendeshwa kwa njia hiyo hiyo, wazee wa pande mbili wanazungumza karafuu na mvua kwa saa nzima, mpaka mmoja wao akasema nyumba yao ina kijana anayetafuta wazazi wengine wa kumlea, na wote wakaelewa, na kama jibu lingekuwa hapana, kijana angerudi na heshima yake.

Nilimuuliza Mama Mdogo leo asubuhi aliyajuaje yale ya sindano. Alifikiri kidogo. Akasema mama ameshona kwa sindano za duka lile lile miaka 30, na yeye kabla ya siku ile alikuwa hajawahi kumsikia akizitaja.

Jana usiku tulikaa barazani mpaka saa nne. Mtoto alikuwa amelala mapajani kwangu. Mama akasema upepo wa kusi umeanza, bahari ya Mkoani haitakuwa nzuri wiki hii. Akanyamaza.

Tiketi yangu ya boti ni ya kesho. Nimepiga simu kazini, nimeomba siku nne zaidi.