Miezi Tisa na Chozi

Farasi wangu aliposhuka kwenye lori jioni ile ya Agosti 2022, nilihesabu mbavu zake nikiwa nimesimama mbali. Zilionekana zote. Mifupa ya nyonga ilikuwa imechongoka kama ncha za meza, na pande mbili za uti wa mgongo nyama ilikuwa imekwisha, umebaki ukuta mwembamba. Kwenye paji la uso alikuwa na doa jeupe linaloteremka kidogo kushoto. Mke wangu akamwita Chozi kabla hatujamfikisha bandani.

Nilikuwa saisi, mtunza farasi, katika uwanja wa mbio wa Ngong kwa miaka 14. Nimewasugua farasi, nimewatembeza alfajiri, nimewavika hatamu siku ya mashindano mikono ikinitetemeka kuliko ya joki, yule mpandaji wa mbio. Nilimjua farasi wa mbio akiwa ameiva. Aliyekwisha mwili sikuwahi kumrudisha, kwa kuwa pale uwanjani farasi akidhoofika anaondolewa, na unaletewa mwingine. Chozi aliacha mbio miaka miwili kabla ya kufika kwangu, akapita mikono kadhaa, na mmiliki wake wa mwisho alizidiwa na ule ukame. Hapa Kajiado kila mtu anaukumbuka. Robota la nyasi lilipanda bei kila wiki, ng'ombe wakafa, na farasi hakusalimika. Nilipewa bure, mradi nilipie lori.

Usiku ule nilikuwa nimemtengenezea karai zima: oti, pumba ya ngano, molasi juu. Nilimpigia daktari wa mifugo kumwambia tu kwamba farasi amefika. Akaniuliza nampa nini, nikamsomea.

"Mzee, hilo karai liondoe kabla hajaliona."

Maelezo yake yalinitia baridi. Farasi aliyekaa na njaa muda mrefu mwili wake umejifunza kuishi kwa kula mafuta na misuli yake mwenyewe. Ukimmiminia nafaka, sukari inapanda ghafla, na mwili unapoivuta ndani ya chembechembe zake unavuta pamoja nayo fosforasi, potasiamu na magnesiamu iliyobaki kwenye damu. Moyo unakosa vya kuuendesha. Farasi anaweza kufa siku kadhaa baada ya kuanza kushiba, mwenyewe ukidhani umemwokoa.

Basi tulianza na nusu kilo ya majani makavu ya lusini kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Lusini ina protini na madini na haina wanga mwingi. Tuligawana zamu: mke wangu saa nne za usiku, mimi saa nane, kijana wangu saa kumi na mbili asubuhi kabla ya shule. Kumpa mnyama mwenye njaa konzi mbili za majani kisha ukaondoka ni kazi ngumu. Alikuwa akilamba sakafu na kunifuata kwa macho hadi mlangoni. Siku ya nne tukaongeza kidogo na kupunguza idadi ya milo, na siku ya kumi akawa na nyasi za Boma Rhodes mbele yake saa zote. Usiku huo nilimsikiliza akitafuna, nikalala usingizi wa kwanza wa kweli.

Mizani ya kumpima sikuwa nayo. Nilitumia futi ya fundi wa nguo: unapima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, unapima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, zote kwa sentimita. Mzunguko unazidisha kwa wenyewe, kisha kwa urefu, halafu unagawanya kwa 11,880. Chozi alikuwa na mzunguko wa 168 na urefu wa 158, yaani kilo 375 hivi. Kwa kimo chake alipaswa kupita 450. Nikaandika tarehe na namba ukutani kwa makaa, na kila Jumapili nikawa naongeza mstari.

Wiki ya tatu mistari ikakwama. Anakula na haongezeki. Nikakuta sakafuni matonge ya nyasi zilizotafunwa nusu na kutemwa. Meno ya farasi hayaachi kuota, na yasiposagika sawasawa kingo zake huwa kali kama wembe, zikakata mashavu na ulimi. Daktari alimdunga dawa ya kumtuliza, akamwekea chuma cha kupanua kinywa, akapiga tupa karibu saa nzima. Ndani ya shavu la kulia palikuwa na kidonda kikubwa kama kucha ya kidole gumba. Kumbe kila tonge lilikuwa likimuuma, na bado alikuwa akijaribu kula.

Safari hiyohiyo daktari alishuku kwamba ana vidonda vya tumbo. Chozi alikuwa akikunja masikio na kusaga meno nikigusa pale mshipi wa tandiko unapopita, na nafaka kidogo niliyomjaribishia aliionja akaacha. Tumbo la farasi hutoa asidi mfululizo, awe anakula au hali, kwa sababu limeumbwa kwa mnyama anayechunga siku nzima. Farasi wa mbio anapewa nafaka nyingi na nyasi kidogo, anakaa saa nyingi bila kitu, kisha anakimbizwa na asidi inaruka ndani. Mimi mwenyewe niliwalisha hivyo miaka 14, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa, na jambo hili linanikera mpaka leo. Alimeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, siku 28. Lusini kidogo kabla ya kazi yoyote ikawa sheria, maana kalisi yake inapunguza ukali wa asidi.

Kisha nikafanya kosa langu. Mwezi wa pili nilikuwa nimeanza kumpa nafaka kwa kipimo, na jioni moja nikaacha pipa bila kifuniko na mlango wa stoo haujafungwa komeo. Saa tatu usiku nikamkuta jasho linamtiririka, anapiga teke tumbo lake, anajitazama ubavuni, analala na kuinuka. Niliweka sikio ubavuni nikakuta kimya, na tumbo la farasi mzima halinyamazi. Farasi hawezi kutapika. Akila kitu kibaya kinabaki humo humo. Nilimtembeza gizani saa mbili nikiogopa akijiviringisha utumbo utajisokota. Daktari alipofika alipitisha mpira puani hadi tumboni, akatoa maji machachu na mahindi, akaingiza mafuta. Alfajiri Chozi akatoa kinyesi. Tulishangilia mavi kama watu waliopata mtoto. Pipa lile leo lina kufuli.

Baada ya hapo kilo zilipanda kwa njia ya polepole: nyasi bila kikomo, lusini, pumba, na mafuta ya alizeti kwenye chakula, robo kikombe kwa siku, nikipandisha polepole kwa wiki kadhaa hadi vikombe viwili kwa siku. Mafuta yanampa nguvu bila kumchemsha kichwa. Jirani yangu aliniuliza kwa nini asile mabua ya mahindi kama punda. Nilimwambia kwamba huyu ni thorobredi, ukoo uliochaguliwa kwa ajili ya mbio kwa miaka 300: ngozi nyembamba, moto mwingi, akiba ndogo.

Punda nilimnunua kweli, lakini kwa sababu nyingine. Chozi alikuwa akitembea kando ya ua mchana kutwa, anayeyusha yale aliyokula. Farasi peke yake hana raha hata akishiba. Daktari alisisitiza nimpe punda dawa ya minyoo kwanza, kwa kuwa punda hubeba minyoo ya mapafu bila kuonyesha dalili na farasi ndiye anayekohoa. Siku ya pili baada ya kukutana walikuwa wamesimama kichwa kwa mkia, kila mmoja anamfukuzia mwenzake nzi. Kabla ya magharibi niliwaingiza wote ndani, maana visubi wanaoeneza ile homa ya farasi, inayoua haraka, hutoka kuanzia jioni hadi alfajiri.

Mwezi wa nne namba ukutani ilikuwa 415, nikaanza kumfundisha. Sikupanda. Tulitembea tu, mimi na kamba, barabara za vumbi za Kiserian, kati ya bodaboda na mbuzi. Ajabu ni kwamba farasi aliyezoea kelele za jukwaa alikiogopa kidimbwi cha maji. Nilisimama naye pale hadi akainamisha kichwa akanusa, na siku hiyo hatukufanya jingine.

Kumpanda ndiko kulikotaka uvumilivu. Uwanjani joki anarushwa juu farasi akiwa anatembea. Hakuna aliyewahi kumwambia Chozi asimame atulie mtu apande. Nilipoweka pipa la mafuta ubavuni mwake alidhani mbio zinaanza, akawa anazunguka na kutoka povu. Basi kwa wiki tano nilipanda pipa, si farasi. Nasimama juu yake, namkuna bega, nashuka. Nalaza mkono mgongoni, nashuka. Akisogea, namrudisha bila neno.

Vigwe, zile kamba za kumwongozea, pia vilikuwa na maana nyingine kwake. Joki akikaza, farasi wa mbio anaegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo, kwa hiyo ukimvuta kwa hofu ili asimame unamwambia akimbie. Nilimfundisha kwanza nikiwa chini: navuta kidogo, akilegeza shingo naachia papo hapo. Na miguu yangu ilimshtua, kwa maana joki anakaa juu na vikuku vya kukanyagia vifupi, hamkumbatii tumbo. Mwezi wa sita nilimpanda dakika 15, kwa mwendo wa kawaida tu. Wiki kadhaa baadaye tukaongeza mwendo wa matiti, ule wa kukimbia polepole, kwenye duara pana, kulia na kushoto, maana upande mmoja alikuwa mgumu kama ubao. Tandiko nilibadilisha mara mbili, kwa sababu mgongo ulikuwa ukijaa na lile la kwanza likaanza kumbana mabega.

Kwato zilikwenda kwa saa yake. Fundi alivua viatu vya chuma alivyokuja navyo, akaniambia kwato huota milimita chache tu kwa mwezi, nihesabu karibu mwaka mzima mpya ishuke hadi chini. Miezi mingi baadaye mstari wa njaa ulikuwa ungali unaonekana, mfinyo mdogo unaozunguka kwato zote nne. Kila mwezi ulikuwa ukishuka kidogo.

Mwezi wa tisa, Mei, mvua zimeshakata vumbi, futi ilisema kilo 456. Asubuhi hiyo niliviringisha pipa hadi katikati ya uwanja, nikamwita. Alikuja mwenyewe, akajipanga ubavuni mwa pipa, akalegeza mguu mmoja wa nyuma kama anayetaka kusinzia. Punda alikuwa akilia uani. Nikapanda, nikaacha vigwe shingoni mwake, nikakaa. Hakusogea. Tulikaa hivyo muda mrefu, pumzi zake zikipanua na kufunga miguu yangu, kabla sijamwambia twende.