Memori kadi ya kaka

Juzi kaka kaniandikia kutoka Mwanza: "Dogo, ile PS2 bado ipo? Mashine gawa ukitaka, ila kadi usimpe mtu."

Kwa ambao hawakuzikuta zama hizo: PlayStation 2 haikutunza seivu, yaani kumbukumbu ya ulipofikia kwenye gemu, ndani yake. Kila kitu kilikaa kwenye kikadi cha MB 8 ulichokichomeka juu ya waya wa pedi. Mtaani ziliuzwa pia za MB 64, bei chee, na nyingine zilikuwa na tabia ya kumeza ligi nzima ukiwa umebakiza mechi chache. Ya kaka ni nyeusi, ya MB 8, mgongoni ina herufi aliyoichora kwa msumari ili isibadilishwe kwenye banda la gemu.

Anachokitaka ni seivu yake ya PES 6, gemu la mpira la Konami. Konami walikuwa na leseni ya kutumia majina halisi ya Arsenal na Manchester United, lakini Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea ikawa London FC. Kaka alikaa na pedi akayarekebisha majina, herufi moja moja, kishale kikitambaa kwenye kibodi ya kwenye skrini. Alipomaliza Uingereza akachukua timu moja asiyoipenda, akaigeuza timu ya mtaa wetu. Winga ni jirani aliyekuwa anauza mitumba. Kipa ni mimi. Uwezo wa kudaka: 54.

Menyu ya PS2 yenyewe inanakili kutoka kadi kwenda kadi, basi. Ili kufika kwenye flashi nikaazima kwa fundi kadi yenye FreeMcBoot, programu inayoiwezesha PS2 kufungua programu za nje, nikaichomeka tundu la kwanza, ya kaka la pili. Ndani yake mna uLaunchELF, programu ya kupanga mafaili, unaona mafolda kama kwenye kompyuta. Flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na usiwe na haraka, maana matundu ya USB ya mashine ile ni ya kizazi cha 1.1, ya polepole. Nikatoa seivu kama faili la psu, kisha kwenye kompyuta programu ya mymc ikaliingiza kwenye kadi ya kuigiza ya PCSX2, programu ya kuchezea gemu za PS2 kwenye kompyuta. Faili la kadi hiyo lina baiti 8,650,752, zaidi kidogo ya MB 8, kwa sababu kila baiti 512 za data zinafuatana na 16 za kusahihisha makosa. Waliitengeneza kwa akili kadi ile.

Kwenye mafolda ndiko watu wengi hukwama. Jina likianza na BESLES, seivu ni ya diski ya Ulaya. BASLUS ni ya Marekani. Gemu ni lile lile, ila diski ya upande mmoja haiioni seivu ya upande mwingine, hata ukiinakili vizuri namna gani. Nikamwambia kaka anisomee namba ya diski aliyonayo. SLES, ya Ulaya kama seivu yake. Afadhali, maana asingenielewa.

Faili halisi sijaligusa, lipo kwenye flashi na kwenye kompyuta. Nakala niliyomtumia niliifungua kwanza, nikaingia sehemu ya kuhariri wachezaji.

Kipa sasa ana 88.