Kuuza nyumba uliyoinunua juzi: hesabu na karatasi zake, Kampala na Wakiso

Nyumba niliyonunua Kira, wilayani Wakiso, niliiuza kabla haijatimiza mwaka mikononi mwangu, na sikutoka na hasara. Bei ya mtaa ilikuwa imepanda kidogo tu. Kilichoniokoa ni karatasi: hati ilikuwa kwa jina langu, mipaka imepimwa, risiti zote ziko kwenye faili moja.

Hesabu ifanywe kabla ya kumpigia dalali simu. Chukua nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi za Uganda milioni 300. Ushuru wa stempu wa kuhamisha umiliki ni asilimia 1.5, yaani milioni 4.5, nao hupigwa kwa thamani anayoitoa mthamini wa serikali. Bei mliyoandika kwenye mkataba haimfungi. Ukiuza kwa milioni 320 na dalali akachukua asilimia 5, hiyo ni milioni 16. Zile milioni 20 ulizodhani ni faida zimekwisha, na tayari unadaiwa nusu milioni kabla hujamlipa wakili wa kununua, wakili wa kuuza, mpima ardhi na fundi wa rangi. Ushuru wa stempu wa mauzo ya pili hulipwa na mnunuzi mpya, hapo angalau unapumua. Kwa nyumba ya kiasi hiki mimi nisingeuza chini ya milioni 330 ila nikiwa nimebanwa.

Aliyenunua kwa mkopo ana hesabu nyingine, na hii ndiyo inayoumiza. Tuseme mkopo ni milioni 200, riba asilimia 16 kwa mwaka, muda miaka 15. Rejesho la mwezi ni kama milioni 2.94, na katika rejesho la kwanza takribani milioni 2.67 ni riba. Baada ya mwaka mzima umelipa zaidi ya milioni 35, lakini deni lenyewe limepungua kwa milioni 3.5 hivi. Ongeza ushuru wa stempu wa rehani kama ulitozwa, na adhabu ya kulipa mapema kama imo kwenye mkataba wa benki. Soma kipengele hicho mapema, kisha omba benki barua ya salio la kufunga mkopo. Barua hiyo ina tarehe ya mwisho kwa sababu riba huongezeka kila siku, hivyo usiiombe kabla mnunuzi hajawa tayari. Hati iko kwa benki, na haitoki mpaka deni liishe na fomu ya kuondoa rehani isainiwe na kusajiliwa. Mnunuzi mwenye akili atataka sehemu ya fedha zake iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo wako. Mkubalie.

Sasa jambo lenye mitego mingi kuliko yote. Wengi wanaonunua kwa nia ya kuuza upesi hawahamishi hati. Wanapokea hati ya mwenye nyumba wa kwanza pamoja na fomu za uhamisho alizokwisha kusaini, nafasi ya jina la mnunuzi ikiwa tupu, halafu wanaziweka kabatini. Akipatikana mnunuzi, jina lake ndilo linalojazwa, na ule ushuru wa milioni 4.5 unakuwa umekwepwa. Inaonekana ujanja. Tatizo ni kwamba kwenye daftari la serikali wewe hupo. Mwenye nyumba wa kwanza akifariki, saini yake kwenye fomu haikusaidii kirahisi. Familia italazimika kufuata cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha barua za usimamizi mahakamani, na warithi wana haki ya kukuuliza wewe ni nani. Akiwa hai lakini si mwaminifu, anaweza kudai hati imepotea, akatangaza kwenye Gazeti la Serikali na kuomba hati maalumu mbadala, huku ile ya asili iko kwako. Anaweza pia kuwekewa zuio na mtu anayemdai. Na mnunuzi wako, akitafuta taarifa za ploti kwenye ofisi ya ardhi ya kanda, ataona jina ambalo silo lako. Wengi huondoka hapo hapo. Hamisha kwanza, ndipo uuze.

Uhamisho wenyewe si mgumu. Zinahitajika hati ya asili, fomu ya uhamisho na ya ridhaa zilizosainiwa, picha za pasipoti za pande zote mbili, nakala za vitambulisho vya taifa na namba ya mlipakodi ya kila upande. Ardhi inathaminiwa, ushuru unakadiriwa kwa mtandao wa URA (mamlaka ya mapato), unalipwa benki, halafu faili linapelekwa kusajiliwa. Faili hurudishwa mara nyingi kwa kasoro ndogo: jina la kitambulisho halilingani na la hati herufi kwa herufi, au namba ya bloku imekosewa tarakimu moja. Kagua hayo mwenyewe, usimwachie karani wa wakili.

Ridhaa ya mwenzi ni sharti la Sheria ya Ardhi kwa ardhi ya familia. Hata kama hati ina jina la mume peke yake, mke asipotoa ridhaa kwa maandishi mauzo yanaweza kubatilishwa. Mnunuzi akisikia umekaa muda mfupi, kitu cha kwanza atakachohofia ni ugomvi wa ndoa. Ridhaa iwe tayari mezani siku ya kwanza, nawe uidai ya yule aliyekuuzia.

Haya yote ni kwa mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi ulioanzia Buganda) au umiliki huru wenye hati. Kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, ni habari nyingine: sheria inakutaka umpe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na tangu marekebisho ya 2010 kumruka ni kosa la jinai na mauzo yenyewe ni batili. Kwa ardhi ya kupangishwa na bodi ya ardhi ya wilaya unahitaji kibali cha bodi kabla ya kuhamisha. Angalia pia kama bado uko kwenye ile miaka 5 ya mwanzo, kabla muda haujarefushwa hadi 49, maana mnunuzi hatalipa bei ya miaka 49 kwa kipande kinachokaribia kuisha.

Mpima ardhi niliyemlipa kufungua mipaka alirudisha gharama yake. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni desimali 11.5 tu (desimali 100 ni ekari moja), ingawa madalali huitangaza kuwa 12. Kwenye hati inasomeka kama hekta 0.046. Ukuta ukiwa umeingia kwa jirani hata nusu mita, mnunuzi wa pili ataligundua, na bei itashuka kwa zaidi ya ada ya mpima. Kama kuna bonde karibu, jiandae kwa swali la ardhioevu. Tangu NEMA, mamlaka ya mazingira, ilipobomoa nyumba kwenye ardhioevu ya Lubigi mwaka 2024, watu wa Kampala hawanunui karibu na majani marefu bila kuuliza.

Madalali: mpe mmoja au wawili, kwa maandishi, ukitaja bei na kamisheni. Ukiwaachia kumi, nyumba itaonekana mtandaoni kwa bei tano tofauti, kila mmoja ameongeza chake juu, na mnunuzi ataamini nyumba ina kasoro. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) mshirikishe kama shahidi na mlipe asante ya kawaida. Akidai asilimia ya bei, muulize kwa adabu inatoka sheria ipi.

Watakuuliza, “Mbona unauza mapema hivi?” Jibu fupi la kweli linatosha, kisha fungua faili. Rekebisha kinachoonekana: unyevu chini ya kuta, paa linalovuja, tangi la maji taka lililojaa. Jiko jipya na vigae vya gharama havirudishi fedha yake kwa muda mfupi. Nyumba iliyonunuliwa wakati wa kiangazi ipitishe kwenye mvua za Machi hadi Mei kabla ya kuitangaza, ujue maji yanaingilia wapi.

Kuhusu kodi, URA hutazama nyumba ilikuwa ya nini. Faida ya mali ya biashara huingia kwenye kodi ya mapato, na anayenunua na kuuza mfululizo ni mfanyabiashara hata kama hana duka. Marekebisho ya 2021 yanaruhusu gharama ya kununulia ipandishwe kwa mfumuko wa bei, ila kwa mali iliyokaa zaidi ya miezi 12. Ukibakiza wiki chache kufika hapo, subiri. Na kama uliipangisha, mtu binafsi hulipa asilimia 12 ya kodi ya pango inayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Sheria hizi huguswa karibu kila bajeti, hivyo thibitisha na mhasibu baada ya tarehe 1 Julai.

Malipo yapitie benki. Kinachozidi milioni 20 huenda kwa RTGS (uhamisho wa papo hapo kati ya benki), na wakili atamuuliza mnunuzi fedha zimetoka wapi, kwa sababu sheria ya utakatishaji fedha inamlazimu. Usisaini fomu ya uhamisho kwa malipo ya awamu. Iachwe kwa wakili mpaka awamu ya mwisho ionekane kwenye akaunti. Siku ya kukabidhi funguo, lipa bili ya maji ya NWSC (shirika la maji) hadi usomaji wa siku hiyo, piga picha ya mita, na umpe mnunuzi namba ya mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), ukihakikisha haina deni, maana deni lililobaki hukatwa kwenye umeme atakaonunua yeye.