Siku Niliyoomba Kwenda Kuisoma Barua Nyumbani

Barua ya kupunguzwa kazi ilikuwa na kurasa tatu, na kalamu ilikuwa imekwishawekwa juu yake, kifuniko kimevuliwa. Ofisa utumishi hakuwa mtu mbaya. Alionekana amechoka kurudia maneno yale yale tangu asubuhi. Alinieleza kwamba idara yetu inafungwa, kwamba uamuzi huo hauhusiani na utendaji wangu, na kwamba nikisaini sasa hivi malipo yataingia benki kabla wiki haijaisha. Kisha akaisogeza kalamu karibu na mkono wangu.

Nje ukumbini tulikuwa tumeketi tukiitwa mmoja mmoja. Mwenzangu wa meza ya jirani alinitangulia, akaingia na kutoka upesi mno. Aliponipita alininong'oneza, "Dada, nimesaini. Ningefanyaje? Marejesho ya mkopo yananisubiri mwisho wa mwezi." Nilimwelewa. Alikuwa na mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara, na mwingine wa kwenye simu aliouchukua kuziba pengo lililoachwa na ule wa kwanza. Mtu wa namna hiyo hasomi kurasa tatu. Anatafuta mstari mmoja tu, ule unaosema fedha itaingia lini.

Mimi nilisoma. Mwishoni mwa ukurasa wa tatu kulikuwa na kifungu kinachosema kwamba kwa kusaini ninakiri kulipwa stahiki zangu zote na sitadai chochote baadaye. Nikarudi kwenye jedwali la malipo. Mshahara wa notisi ulikuwepo, kiinua mgongo kilikuwepo. Likizo niliyokuwa nimeilimbikiza haikuwepo.

"Naomba niende nayo nyumbani nikaisome vizuri," nikamwambia. "Nitairudisha keshokutwa."

"Dada yangu, ukichelewa kusaini, malipo nayo yatachelewa."

"Naelewa. Yachelewe tu."

Nililisema hilo kwa sauti ya kawaida, na mikono yangu ilikuwa mikavu. Nimeukumbuka utulivu ule mara nyingi. Kwa tabia mimi si jasiri. Naogopa mabishano, naogopa hata kurudisha bidhaa mbovu dukani. Siku ile nilikuwa na fedha ya kutosha kuishi miezi sita bila mshahara, na nilijua hivyo kama ninavyolijua jina langu.

Akiba ile tuliijenga kwa miaka, mimi na mume wangu, na mwanzoni ilikuwa kidogo kiasi cha kukatisha tamaa. Wataalamu wa fedha binafsi kwa kawaida hushauri matumizi ya miezi 3 hadi 6, na wengi husikia hapo "mishahara ya miezi sita" wakakata tamaa kabla hawajaanza. Si mishahara, ni matumizi, tena yale ya lazima peke yake. Tuliandika kodi ya nyumba, chakula, nauli, karo, dawa, umeme na maji. Nguo mpya hatukuziandika, wala michango ya sherehe. Jumla ilitoka ndogo kuliko tulivyodhani, na hapo ndipo jambo lenyewe lilianza kuwezekana. Tuliiagiza benki ihamishe kiasi fulani siku ile ile mshahara unapoingia, kwenda akaunti nyingine isiyo na kadi wala haijaunganishwa na simu. Mshahara ukiongezwa, nusu ya nyongeza ilikwenda huko kabla hatujaizoea.

Mume wangu hakukubali kirahisi. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, fedha iliyolala bila faida hupoteza nusu ya uwezo wake wa kununua katika miaka kama 12. Alikuwa sahihi. Tulielewana kwamba kitakachozidi miezi sita kitatafutiwa pa kukua, na kilichomo ndani ya miezi sita kitakaa benki kikipata riba yake ndogo, hata kama kinaliwa kidogo kidogo na mfumuko wa bei. Mimi bado naiona hasara hiyo kuwa ada ya haki kabisa kwa kitu tunachopewa.

Jioni ile tuliitandaza barua mezani. Mume wangu aliisoma kimya, akaenda kuangalia salio, akarudi akasema, "Wasome na wao. Hatuna haraka." Watoto walipolala nilitafuta kuhusu likizo. Nilikuta Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, ambao kifungu chake cha 11 kinasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza muda wa chini wa utumishi, ajira yake inapokoma, anastahili likizo ya malipo kulingana na muda alioutumikia bila kupewa likizo, au fidia badala yake. Si nchi zote zilizouridhia, kwa hiyo nikafungua pia sheria ya kazi na mkataba wangu wa ajira, na vyote viwili vilikuwa upande wangu. Niliandika barua fupi, bila hasira, nikaonyesha hesabu ya siku na kiasi. Kisha nikalala fofofo.

Barua niliyorudishiwa ilikuwa na mstari mpya kwenye jedwali. Hakuna aliyenibishia. Nadhani mstari ule ulisahaulika tu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu wenzangu waliosaini asubuhi ile walipoteza fedha yao bila hata mtu kuwanyang'anya. Nilimpigia simu mwenzangu nikamweleza. Aliandika kudai, akajibiwa kwa nakala ya ukurasa wa tatu, pale alipoweka sahihi.

Watu waliposikia walisema alikuwa mzembe. Nawakatalia kwa nguvu zangu zote. Yule dada ndiye aliyekuwa akigundua makosa kwenye ripoti zetu sisi wengine. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, ambamo wakulima wa miwa nchini India walipewa majaribio ya akili kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na baada ya mavuno, wakiwa wamelipwa. Watu ni wale wale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Niliposoma habari hiyo nilimwona yeye akinipita pale ukumbini. Kuisoma alijua, nafasi ya kusoma ndiyo iliyokuwa imechukuliwa na yale marejesho.

Kazi nyingine haikuja upesi. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa na mkataba usiotaja saa za kazi, nikaikataa, na nikaweza kuikataa bila kugombana na mtu nyumbani. Akiba ilishuka mwezi hadi mwezi, tukaitazama ikishuka bila hofu kwa kuwa kazi yake ilikuwa hiyo. Kabla haijafika chini nilipata mahali nilipopataka.

Mwenzangu naye alipata kibarua, kisha kazi kamili. Siku moja akanipigia usiku. "Dada, mimi naanzia wapi? Nina madeni, siwezi kuweka akiba." Nikamwambia aweke kwanza kiasi kidogo, cha kumudu homa ya mtoto au bomba lililopasuka, ili dharura ijayo isimrudishe kwenye mkopo wa simu. Baada ya hapo kila ziada iende kwenye deni lenye riba kubwa, na mengine alipe kile cha chini kinachotakiwa. Miezi sita asiifikirie kwanza.

"Haya, shika kalamu," akasema, akaanza kunisomea: deni, riba, tarehe, deni, riba, tarehe. Mtoto wake alikuwa akilia nyuma, akambembeleza huku akiendelea. Tulipiga hesabu hadi usiku wa manane, na deni la simu ndilo tulilolipanga la kwanza.