Flight 666 ya Iron Maiden: utamu uko diski ya pili

Imeisha sasa hivi, diski zote mbili, masikio bado yanavuma.

Kwa wasioijua: ni filamu ya 2009 ya Sam Dunn na Scot McFadyen kuhusu ziara ya bendi hiyo ya heavy metal ya Uingereza mwanzoni mwa 2008, Mumbai hadi Toronto. Maonyesho 23 kwa siku 45. Wanamuziki, mafundi na vyombo vyao ndani ya Boeing 757 moja, na rubani ni mwimbaji mwenyewe, Bruce Dickinson!

Diski ya kwanza ni safari. Nzuri, ila maongezi ya ndegeni yanajirudia.

Ya pili ndiyo yenyewe. Nyimbo 16, kila moja na mji wake. “Aces High” ni Mumbai, “Hallowed Be Thy Name” ni Toronto.

Sikilizeni mlio wa ngoma za mpiga drums. Kwenye uwanja wa wazi mlio unatawanyika, kwenye ukumbi wa ndani unagonga ukuta na kurudi. Kuziunganisha rekodi hizo za miji tofauti zisikike kama onyesho la usiku mmoja si kazi ndogo, na Kevin Shirley aliyechanganya sauti ameiweza.

Mnaotumia spika za TV tu: chagueni stereo kwenye menyu. Mkiacha 5.1 (sauti ya chaneli sita, ya spika za kuzunguka chumba), deki inabana chaneli sita ziwe mbili, na mara nyingi mwimbaji anazama chini ya magitaa. Zimeni pia ile setingi ya TV ya kulainisha mwendo wa picha, inaharibu kila kitu.

Nani kaiona? Mji gani ulishangilia zaidi? Mimi nasema Amerika Kusini, bishaneni hapo chini.